Safari ya Gari ya Kutazama Majani ya Mapukutiko New Hampshire na Vermont: Mwongozo Kamili

Mtu aliyekulia Afrika Mashariki akisikia neno vuli huwaza mvua za Oktoba hadi Desemba na shamba linalolimwa kwa mara ya pili katika mwaka. Huku New England, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kipindi hicho huangukia mapukutiko: misitu hugeuka kutoka kijani kuwa ya manjano, ya rangi ya chungwa na nyekundu, hukaa hivyo kwa siku chache, kisha hubaki matawi matupu hadi Mei. Ninaishi Lowell, Massachusetts, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapeleka milimani ndugu na wageni wanaotoka nyumbani. Mwongozo huu unaeleza safari ya siku tatu ambayo nimeirudia kuliko nyingine zote. Inaanzia Boston, inazunguka milima ya White Mountains katika jimbo la New Hampshire na kumalizikia Vermont, na inamfaa mkazi wa huku sawasawa na mgeni anayekuja kutembea.

Kuna jambo moja ambalo mipango yote inalitegemea. Rangi ya majani hufuata baridi na mwinuko wa ardhi, wala haiangalii kalenda yetu. Anayeshika tarehe moja na mahali pamoja miezi kadhaa kabla anabahatisha, ilhali anayechagua njia inayopanda na kushuka atakuta rangi mahali fulani katika njia hiyo, hata msimu ukiwahi au ukichelewa kwa wiki nzima.

Hatua ya kwanza: Elewa kinachotokea katika jani

Mwaka ambao mama alikuja kutoka Tanga, tulisimama kando ya mto na akaokota jani moja la mti wa mepo, lenye ncha tano kama vidole vya mkono. Pembeni lilikuwa jekundu, katikati rangi ya chungwa, na kando ya mishipa yake kulikuwa bado na kijani kidogo. Mama ni mshonaji, na jicho lake halikukaa kwenye rangi, bali lilikwenda moja kwa moja kwenye kikonyo. Akapitisha kidole mwisho wake, akaniambia, "Mwanangu, hili halikung'olewa na upepo. Limekatwa." Alikuwa sahihi kabisa. Mwisho wa kikonyo ulikuwa laini na bapa, kama umepitishwa wembe.

Siku zinapofupika na usiku kuwa wa baridi, mti huanza kujenga tabaka la seli pale kikonyo kinaposhikana na tawi. Tabaka hilo huziba polepole njia za maji na sukari, na mwishowe jani hukatika lenyewe bila kuacha kidonda kwenye tawi. Wakati huohuo mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayolisha jani kwa nguvu ya jua, na iliyokuwapo huvunjikavunjika. Hapo ndipo manjano yanapoonekana. Rangi hiyo ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, ni ya jamii ya karotenoidi, ileile inayotia rangi karoti na embe lililoiva, ila kijani kilikuwa kimeifunika.

Wekundu una asili nyingine, na hiyo ndiyo sababu ya mwaka mmoja kuwa mwekundu kuliko mwingine. Rangi nyekundu, inayoitwa anthosiyanini, haikuwamo kabla. Jani huitengeneza wakati huo kutokana na sukari iliyonaswa ndani yake. Mchana wenye jua hutengeneza sukari nyingi, na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha huizuia isitoke. Kwa hiyo, ukiona wiki mbili za mwisho wa Septemba zina jua mchana na usiku unaokutaka uvae sweta, jiandae kwa mwaka mwekundu. Ukame mkali huweza kuyafanya majani yadondoke mapema, na siku moja ya mvua yenye upepo inaweza kuondoa nusu ya mandhari uliyoifuata.

Inasaidia pia kuijua miti yenyewe, kwa sababu haigeuki kwa pamoja. Mepo mwekundu unaoota kwenye maeneo ya majimaji hutangulia, na ukiuona umewaka peke yake kando ya barabara mapema Septemba, usidhani msimu umefika; huo ni mtangulizi tu. Mepo wa sukari, mti unaotoa utomvu wa kupikia shira, hufuata kwa rangi ya chungwa inayokaribia kuwaka moto. Betula, wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, huwa wa manjano matupu. Mialoni huja mwisho, kwa rangi ya kahawia na wekundu uliokolea, mara nyingi baada ya watalii wengi kuondoka.

Hatua ya pili: Chagua wiki, kisha chagua siku

Kwa mwaka wa kawaida, kaskazini ya mbali ya Vermont na New Hampshire, pamoja na sehemu za juu za milima, hufikia kilele cha rangi kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na siku za mwanzo za Oktoba. Mabonde ya White Mountains na katikati ya Vermont hufuata katika wiki ya kwanza na ya pili ya Oktoba. Kusini ya New England na ukanda wa bahari husubiri hadi katikati au mwisho wa Oktoba. Rangi huteremka kutoka kaskazini kwenda kusini, na kutoka kileleni kwenda bondeni, kwa sababu joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Mimi huchagua siku zinazoanzia karibu tarehe 30 Septemba hadi tarehe 8 Oktoba, kisha hufuatilia taarifa za rangi ambazo majimbo yenyewe hutoa msimu ukianza, pamoja na ramani zake. Taarifa hizo zisomwe kwa makini: zikisema eneo fulani limefikia kilele, maana yake ni sasa hivi, na wewe utafika baada ya siku nne au tano. Kwa hiyo lenga eneo ambalo linasemwa liko kati ya nusu na robo tatu ya kugeuka.

Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu ya taifa, na mwisho wa wiki unaoitangulia huwa na watu wengi kuliko siku nyingine yoyote ya msimu. Kama kazi yako inakuruhusu kwa namna yoyote ile, safiri Jumatatu hadi Jumatano ya wiki nyingine. Barabara ambayo Jumamosi huichukua familia saa mbili na nusu kuipita, Jumanne huipita kwa saa moja pamoja na kusimama.

Hatua ya tatu: Weka malazi kabla ya kitu kingine chochote

Mwaka wangu wa pili huku niliwachukua wageni wanne kwenda Lincoln, mji wa milimani New Hampshire, Jumamosi ya sikukuu hiyo bila kuweka chumba, nikiamini kwamba mji wa hoteli hauwezi kukosa vyumba vitatu. Tulizunguka kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, kila mlango una kibao cha kusema pamejaa, na mwishowe tukalala Concord, zaidi ya maili 60 kusini, tukiwa na njaa na watoto wamelala kwenye viti. Asubuhi yake hakuna aliyekuwa na hamu ya kurudi milimani.

Weka chumba mapema iwezekanavyo, mwezi wa Mei au Juni kwa siku za mwisho wa wiki. Nyumba nyingi za wageni hudai usiku usiopungua mbili wakati huu, na bei hupanda sana. Chagua malazi yanayokuruhusu kufuta bila kutozwa hadi siku chache kabla, kwa sababu hiyo ndiyo inayokupa uwezo wa kusogeza safari msimu ukichelewa. Kwa wageni wenye ndugu, kuna njia ya nafuu ambayo watu wetu huitumia sana: Manchester ya New Hampshire ina familia nyingi za Wakongomani, na kutoka hapo hadi Lincoln ni mwendo wa saa moja na robo hivi. Ukilala kwa ndugu, utalazimika kuondoka alfajiri mapema, lakini fedha ya hoteli inabaki mfukoni.

Hatua ya nne: Gari, nyaraka na mzigo

Gari dogo la kawaida linatosha. Barabara zote ninazozitaja zina lami, na gari kubwa la kulala ndani litakuzuia kuingia baadhi yake. Unapokodi, ulizia mambo matatu kabla ya kutia saini: nyongeza wanayotozwa madereva walio chini ya miaka 25, namna ada za barabara zinavyolipwa, na kiasi ambacho kadi yako itazuiliwa kama dhamana. Leseni ya nyumbani iliyoandikwa kwa Kiingereza mara nyingi hukubaliwa kwa mgeni wa muda mfupi, lakini beba pia kibali cha kimataifa cha udereva ili usibishane na mtu kaunta. Aliyezoea kuendesha Kenya, Uganda au Tanzania akumbuke kwamba huku gari linapita kulia. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi wameshazoea. Kosa hutokea hasa asubuhi, unapotoka kwenye maegesho yasiyo na gari lingine, kwa hiyo mpe abiria wa mbele kazi ya kukukumbusha. Maili 1 ni kilomita 1.6, na galoni 1 ya mafuta ni lita 3.8 hivi.

Nguo zivaliwe kwa tabaka: fulana, sweta, na koti lisilopitisha upepo wala mvua. Asubuhi za mapema Oktoba milimani baridi hukaribia kiwango cha kuganda, na mchana jua likitoka utavua koti. Beba kofia, viatu vya kukamata ardhi, chupa ya chai ya moto, chakula cha mchana, na noti ndogo za dola. Pakua ramani ya eneo zima kwenye simu ukiwa bado mjini, kwa sababu mtandao hukatika kabisa katika sehemu kubwa ya milima.

Hatua ya tano: Siku ya kwanza, barabara ya Kancamagus

Toka Boston kwa barabara kuu ya I-93 kuelekea kaskazini hadi Lincoln, takriban maili 130. Ningekushauri ufike Lincoln jioni, ulale, ujaze tangi la mafuta, na uanze safari yenyewe asubuhi, jua linapochomoza karibu saa moja kasoro robo. Kuanzia hapo una barabara namba 112, inayoitwa Kancamagus kwa jina la kiongozi wa Wapennacook, watu wa asili wa huku, wa karne ya 17, mjukuu wa Passaconaway. Ina urefu wa maili 34 na nusu hadi Conway, na iliunganishwa kuwa njia moja mwaka 1959. Hakuna kituo cha mafuta, mkahawa wala duka hata moja kati ya miji hiyo miwili, na simu haishiki. Kwa sababu hiyohiyo hakuna kinachokuzuia kuuona msitu.

Uzuri wa barabara hii kwa anayetafuta rangi uko katika mwinuko wake. Lincoln iko mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, barabara inapanda hadi mita 870 pale kwenye mlango wa mlima, yaani mahali inapovuka juu ya safu, kisha inateremka hadi Conway iliyo chini zaidi ya Lincoln. Ndani ya safari ya saa moja unapita hali za hewa ambazo bondeni zingechukua wiki mbili kufuatana. Ukikuta Lincoln bado ni kijani, huko juu patakuwa pamewaka; ukikuta juu majani yamekwisha, teremka, utayakuta yakikusubiri kando ya mto upande wa Conway.

Baada ya kutoka Lincoln barabara hupanda na kujikunja kona kali ya kurudi nyuma, na hapo pana kituo cha kutazamia kinachoitwa Hancock. Simama. Milima inapangana moja nyuma ya nyingine, na mapema asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa kwenye bakuli. Mbele kidogo, karibu na mlango wa mlima, kuna kituo cha Pemigewasset, na ukishaanza kuteremka upande wa mashariki kuna Sugar Hill. Kama una nafasi ya kusimama pamoja tu, mimi ningechagua Sugar Hill, kwa kuwa bonde la mto Swift linakuwa chini yako lote, misonobari ya kijani kibichi imechanganyika na mepo na betula, na ule mchanganyiko ndio unaozipa rangi nguvu. Msitu wenye rangi moja huchosha jicho haraka.

Ukishuka zaidi, tenga dakika 45 kwa maporomoko ya Sabbaday. Njia yake ni fupi, imetengenezwa vizuri, na mama yangu mwenye magoti yanayouma aliipanda bila shida. Maji yanashuka kwa ngazi ndani ya mpasuko wa mwamba, na majani yaliyodondoka hukwama pembeni mwa kidimbwi. Baadaye utapita Rocky Gorge, ambapo mto umeuchimba mwamba na kujipitisha katika mfereji mwembamba. Hapa ndipo jani la mama lilipookotwa. Kaa mbali na ukingo, kwa sababu mawe yenye majani yaliyolowa yanateleza, na maji hayo yana nguvu. Karibu na mwisho wa barabara kuna Lower Falls na daraja la Albany, la mbao, lililoezekwa paa, lililojengwa mwaka 1858. Paa hilo halikuwekwa kwa ajili ya urembo: mbao za daraja zikilowa na theluji na mvua huoza upesi, na ilikuwa rahisi kubadilisha paa kuliko kujenga daraja upya.

Maegesho ya vituo vingi humu yamo ndani ya msitu wa taifa, na mengine hudai kibali cha dola 5 kwa siku, ambacho unakilipia hapohapo kwa kutia fedha kwenye bahasha na kukiweka kwenye kioo cha gari. Kibali kimoja kinatosha siku nzima. Usiegeshe kwenye ukingo wa barabara pale maegesho yanapojaa. Endelea mbele, na urudi baadaye.

Hatua ya sita: Siku ya pili, kukamilisha duara

Njia ya Kancamagus ni nusu ya kusini ya duara lenye maili 100 hivi. Nusu ya pili inakwenda kaskazini kutoka Conway, inapita North Conway, kisha inafuata barabara namba 302 kupanda Crawford Notch. Tatizo ni North Conway, mji wa maduka, ambapo magari husimama hata siku za kazi. Wenyeji huukwepa kwa Bear Notch Road, barabara ya msituni ya maili 9 inayoanzia Kancamagus na kutokea Bartlett kwenye namba 302. Inaanzia magharibi ya Rocky Gorge, kwa hiyo fika kwanza kwenye mto na daraja, kisha geuza urudi maili chache. Barabara hiyo yenyewe hupita chini ya dari la betula za manjano, na mara nyingi nimejikuta peke yangu humo.

Crawford Notch ni bonde lililochongwa na barafu ya kale, lenye umbo la herufi U, na barabara inapita chini kabisa yake. Katikati pana mahali palipokuwa na nyumba ya familia ya Willey. Usiku wa Agosti 1826 mlima uliporomoka. Familia nzima na wafanyakazi wao wawili walikimbia nje, na wote wakafa, ilhali nyumba waliyoikimbia ilibaki imesimama kwa sababu mwamba uliokuwa nyuma yake uliyagawa maporomoko pande mbili. Mbele zaidi maporomoko mawili ya maji, Silver Cascade na Flume Cascade, yanashuka karibu kabisa na lami.

Juu ya bonde kuna njia ya miguu ya Mount Willard, maili 1.6 kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida ni saa mbili na nusu kwa jumla bila haraka, na sijaona mahali pengine katika New England ambapo jasho dogo kiasi hicho hulipwa vizuri hivyo: ukifika juu unasimama kwenye mwamba mtupu, bonde zima liko chini ya miguu yako, lami imekuwa uzi, na kuta mbili za mlima zimevaa rangi kuanzia juu hadi chini. Baada ya kutembea, kagueni miguu na mikunjo ya mwili kutafuta kupe, kwa kuwa kupe wa huku hubaki hai wakati wa mapukutiko na hubeba ugonjwa wa Lyme.

Ukitoka bondeni unakutana na Bretton Woods, na hoteli kubwa nyeupe yenye paa jekundu mbele ya Mount Washington. Hapo ndipo mwezi Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walipokutana na kuasisi Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Wageni wangu waliosoma uchumi Dar es Salaam na Nairobi huomba kusimama hapa kuliko mahali pengine popote, na ni haki yao, maana maamuzi ya mkutano ule yamegusa bajeti za nchi zetu kwa miongo mingi. Kilele cha Mount Washington, mita 1,917, huweza kuwa na theluji wakati bonde bado ni jekundu. Ukiikuta picha hiyo, umebahatika.

Duara linafungwa kwa kurudi kusini kupitia Franconia Notch. Kilima kidogo cha Artist's Bluff hutoa mandhari ya ziwa Echo kwa kupanda kwa dakika 20 au 30, lakini maegesho yake hujaa mapema, kwa hiyo nenda mchana ukielekea jioni siku ya kazi, au ukiache.

Hatua ya saba: Siku ya tatu, Vermont

Kutoka Franconia fuata I-93 hadi St. Johnsbury, kisha barabara namba 2 kuelekea Montpelier na Waterbury, na upande Stowe kwa namba 100. Utaona tofauti mara moja. New Hampshire ni mwamba na msitu, Vermont ni malisho, mazizi mekundu na minara myeupe ya makanisa, na rangi inakaa kwenye vilima nyuma ya vitu hivyo. Jambo jingine utalihisi kabla ya kulitambua: hakuna mabango ya matangazo barabarani. Jimbo liliyapiga marufuku mwaka 1968.

Juu ya Stowe, barabara namba 108 hupita Smugglers' Notch, njia ya wafanya magendo waliopeleka bidhaa Kanada baada ya sheria ya Marekani ya 1807 iliyokataza biashara na nchi za nje. Karibu na juu inabana sana, inajipinda kati ya mawe makubwa kama nyumba, na malori hayaruhusiwi kupita. Nenda polepole, piga honi kwenye kona usizoziona. Kisha geuka ushuke kusini kwa namba 100 kupitia Waitsfield, Warren na Granville, ambapo maporomoko ya Moss Glen yako hatua chache tu kutoka kwenye gari. Mchana simama kwenye shamba la matufaha, mle andazi la saida, yaani maji ya matufaha, lililotoka kwenye mafuta, na mnunue shira ya mepo moja kwa moja kwa mkulima. Bei itakushtua hadi utakapojua kwamba galoni 1 ya shira hupikwa kutokana na galoni 40 hivi za utomvu.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Karibu na Woodstock kuna shamba moja la watu binafsi lililopata umaarufu kwa picha, na wageni waliingia kwenye ua, wakaziba njia, wakaacha uchafu, hadi miji ya Pomfret na Woodstock ikaanza mwaka 2023 kuwafungia wasio wakazi barabara hiyo wakati wa msimu. Piga picha ukiwa barabarani. Usivuke uzio, usiingie kwenye njia ya nyumba ya mtu, na mkute mwenyeji kwa salamu. Sisi tuliolelewa kubisha hodi hatuna sababu ya kuusahau utaratibu huo tukishika kamera.

Kuendesha kwa usalama

Majani yaliyolowa juu ya lami huteleza karibu sawa na barafu, na huficha mashimo na mistari. Punguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ndani yake. Anayetaka kutazama asiwe dereva. Badilishaneni usukani kwenye vituo. Ukiona magari yamepangana nyuma yako, ingia pembeni uyapishe. Basi la shule la manjano likiwasha taa nyekundu, simama, hata kama unatoka upande wa pili, na usisogee hadi taa zizimwe.

Hatari kubwa zaidi ni muusi, mnyama wa jamii ya kulungu anayeweza kupita kilo 400, mwenye miguu mirefu na rangi nyeusi isiyoonekana gizani. Kwa urefu wake, macho yake huwa juu ya mwanga wa taa zako, hivyo hayang'ai kama ya wanyama wengine, na akigongwa mwili wake huangukia kwenye kioo cha mbele. Hutembea sana alfajiri na machweo, na kipindi hiki ndicho chao cha kutafutana. Jua huzama kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Panga uwe umeshafika unakolala wakati huo.

Kwa picha, usilichukie wingu. Siku ya mawingu mepesi rangi hukolea na vivuli vikali hupotea. Siku ya jua, simama ili mwanga upite ndani ya jani kukujia wewe, nalo litaonekana kama taa.

Ukichelewa

Wapo wanaonipigia simu tarehe 18 Oktoba wakisema wameshakosa. Hawajakosa, wasogee kusini na kushuka chini. Fuata Mohawk Trail, barabara namba 2 ya magharibi ya Massachusetts iliyofunguliwa mwaka 1914, au nenda kwenye hifadhi ya maji ya Quabbin, ambapo mialoni hukolea katika nusu ya pili ya Oktoba. Anayetaka bahari aende hifadhi ya taifa ya Acadia, jimbo la Maine, ambako katikati ya Oktoba rangi hukutana na mawe ya pwani. Na kama ratiba yako inakufikisha milimani mwishoni mwa Oktoba, wakati mepo wote wamebaki vijiti, tafuta kwenye mabwawa ya kaskazini mti wa lachi: unafanana na msonobari, ila sindano zake hugeuka rangi ya dhahabu kabla ya kudondoka, na wakati huo maegesho ya Kancamagus huwa na nafasi tele.